Comptabilité ku Mukeka

Lundi, 9 juin 2025

Nimepata kaye yangu! Jocelyne, mudogo wa marehemu bwana yangu, aliificha mu nguo za mutoto. Naandika mu choo. Mu nyumba beko bananiangalia saa yote.

Tulimuzika Ntambwe juma iliyopita. Lori yake ilipinduka ku barabara ya Fungurume. Kisha mama yake, Mama Kapinga, akaninyoa nywele, akanivalisha nyeusi, akaniketisha chini ku mukeka. Njo desturi ya kwabo. Mujane hatoke inje, havae viatu, haseme kwa nguvu, mpaka familia imalize kilio. Hata ku choo muntu anamusindikiza.

Na examen ya mwisho ya comptabilité, hesabu za biashara, ni vendredi ya juma ijayo. Mungu wangu! Patron wa garage moja ya Fungurume alisema: leta diplôme, unaanza kazi. Bila ile diplôme, mi na mutoto wangu Jessica tutabakia kuomba chakula kwa bamukwe mpaka lini? Naogopa sana.

Ntambwe njo alinisukuma nisome. Alikuwa ananiuliza masomo huku anakula bukari, na hakuwa anajua kitu, masikini! Leo namukasirikia. Alienda, akaniachia huu mukeka.

Mercredi, 11 juin

Baridi. Vumbi ya carrière, pale banachimba madini, inaingia mpaka mu maji ya kunywa.

Nalala na pagne ku kichwa, bantu banafikiri nalia. Kumbe nasoma! Jocelyne anaweka makaratasi ya masomo ndani ya kitabu cha nyimbo. Bamama ba kanisa banaimba, mi nafungua kinywa pamoja nabo, macho ku hesabu ya amortissement. Leo kicheko kikanikamata pale pale. Mama Kapinga akaniangalia. Nikakigeuza kilio mbio mbio — na kilio kikakuja ya kweli, nikashindwa kukisimamisha.

Jeudi, 12 juin

Mama Kapinga alinifunika miguu sababu ya baridi. Akanilisha bukari na mukono yake mwenyewe. Haiko muntu mubaya, na ile njo inanitesa. Ntambwe alikuwa mutoto mwanaume wake wa pekee. Kutwa nzima anamubeba Jessica ku mugongo, anamushika pua: hii ni ya baba yako, hii!

Dimanche, 15 juin

Aksida, ajali! Ni mi mwenyewe, na kinywa yangu.

Nilisinzia muchana. Banasema nilikuwa naongea mu usingizi: caisse, banque, débit, crédit. Shangazi Mbuyi, shangazi ya Ntambwe, ule alitoka Mutshatsha, akaruka: udongo ya kaburi ingali mubichi, huyu anahesabu franga za marehemu! Bakaita familia yote. Bakaniuliza franga za Ntambwe ziko ku banque gani. Banque! Ntambwe alikuwa anaweka franga mu soksi!

Nikajitetea: hapana, ni masomo tu, niko na examen vendredi. Ee, mujinga mi! Masomo gani, bakauliza, mujane anasoma ku kilio? Bakapekua kila kitu, bakapata makaratasi; kaye hii tu, mu nguo za Jessica, habakuiona. Mama Kapinga akayakamata. Aliyaweka ku kiti, akakalia juu yake.

Mercredi, 18 juin

Bila makaratasi, naandika na kidole ku mukeka. Débit kushoto, crédit kuume. Shangazi Mbuyi anauliza kama kunguni zinaniuma.

Professeur Numbi, mwalimu wangu wa comptabilité, alikuja kutupa pole. Alikaa chini, aliomba kwa heshima banipatie asubuhi moja tu, moja! Shangazi Mbuyi akamujibu: baba, pole tumeipokea, asante. Wakati wa kuniaga professeur akaniambia polepole kwamba examen ingine ni mwaka ujao, lakini hii vendredi ataniwekea kiti. Mwaka ujao! Patron atakuwa amekamata muntu mwengine.

Jeudi, 19 juin

Mama Kapinga ananichana — hapana, nywele sina, ananipakaa mafuta ku kichwa. Anasema: ukipata ile kazi utahamia Fungurume, utaolewa, na Jessica ataita muntu mwengine papa. Na inaweza kukuwa kweli.

Jocelyne amemuita muntu wa moto, ule wa pikipiki, akuje kesho asubuhi. Jocelyne atanisindikiza ku choo, kisha nitapitia mu tundu ya lupango, ule ukuta wa kuzunguka nyumba.

Vendredi, 20 juin

Naandika mbio. Niko mu choo. Chini ya nyeusi nimevaa jupe ya masomo. Viatu nilivificha humu, nimevivaa.

Lakini Jocelyne aliposimama tu anisindikize, Mama Kapinga akasema: kaa, leo nitamupeleka mi. Eko hapa inje. Muntu wa moto eko nyuma ya lupango, anapiga klakson.

Mama Kapinga anauliza kama ni mi nilimuita ule muntu. Anasema: Mignonne, nasikia viatu.

Examen inaanza sasa hivi!

Anaongea tena, polepole, haiko na hasira: enda kama unaenda. Sitaita muntu. Lakini ukivuka lupango leo, Jessica ni wangu. Na Mama Kapinga eko analia, namusikia anavuta makamasi. Klakson tena. Professeur ananiwekea kiti. Niko na mukono moja ku mulango.

Jessica ananiita pale ku mugongo yake. Mama, toka. Mama, toka —