Siku wasichana wangu walipomtania Inspekta

Kalemie, Ijumaa, mwezi wa tatu

Mvua ilipiga mabati tangu kabla ya jogoo, kisha ikakatika ghafla kengele ya shule ilipogongwa. Saa hizi jua linawaka, ziwa limetulia, na mimi nimekaa mezani na tope bado kwenye viatu. Mama ameniambia nivivue, akarudia, akachoka. Sina nguvu ya kuinama. Furaha niliyo nayo ni nyingi mno kwa mtu mmoja.

Nimeshinda.

Lakini niandike kwa utaratibu, maana nikianza na kelele hata mimi mwenyewe sitaelewa nikija kusoma mwakani.

Wiki nzima sikulala vizuri. Jumatatu Prefe, mkuu wa shule yetu ya wasichana, aliniita barazani akaniambia kwamba Inspekta anakuja kwa treni kutoka Lubumbashi, na darasa atakalolikagua ni langu: la tano pedagojia, la wanaosomea ualimu, somo la sosiolojia. Akaongeza, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa anywe dawa, kwamba mpwa wake amemaliza chuo na anatafuta darasa, na kwamba kule Nyunzu kuna shule ya msingi inayohitaji mwalimu mwanamke mwenye huruma. Sikuhitaji kufafanuliwa. Inspekta akiondoka bila kuridhika, mpwa anaingia, na mimi na huruma yangu tunapanda treni ya Nyunzu.

Mimi ni mwanamke wa kwanza kufundisha madarasa ya juu pale. Walimu wanaume hunisalimia vizuri sana kila asubuhi, kisha hukaa wakisubiri nianguke. Niliapa kwamba sitaanguka mbele yao.

Somo la leo lilikuwa familia na malezi: namna mtoto anavyofanywa kuwa mtu wa watu wake. Ubaoni nilichora ile familia ya kitabuni, kitabu kilichotoka Ubelgiji. Baba na gazeti, mama na kitambaa cha kufuma, watoto wawili, na mbwa amelala mbele ya moto ndani ya nyumba. Sijaona mbwa wa namna hiyo Kalemie tangu nizaliwe. Nilimchora tu ili Inspekta aone kwamba nafuata kitabu.

Akaingia pamoja na Prefe. Mzee mwenye mvi kichwa kizima, abakosti, suti ile isiyo na tai, ya rangi ya majivu, imefungwa vifungo hadi shingoni, jasho linamtiririka. Wasichana wakasimama, wakasema "Bonjour, Papa Inspekta" kwa sauti moja, wakakaa. Yeye na Prefe wakakaa nyuma, chini ya picha ya Rais.

Nikauliza kwa Kifaransa, kama sheria inavyotaka: familia inatufundisha nini? Kimya. Nikageuza swali, nikalirahisisha, nikalitafuna nusu. Kimya. Nilipotupa jicho nyuma, Inspekta alikuwa anasinzia.

Hawa ni wasichana ambao siku nyingine lazima nipige meza ndiyo wanyamaze! Feza, ambaye amelelewa na babu na bibi yake huko Niemba, hubishana nami mpaka kengele inalia, na baada ya kengele ananifuata barazani kumalizia. Leo alikuwa anakagua kucha zake. Mwamini, binti wa wale Waislamu wa karibu na bandari, mwenye ulimi mkali kuliko wote, alikuwa ameinama kama anatafuta sindano sakafuni.

Inspekta akaamka, akaja mbele. Ni mtu mwema, nalisema wazi. Alitaka kunisaidia. Akaacha Kifaransa, akasema kwa upole:

"Watoto yangu, musiogope. Mimi niko papa yenu. Museme tu vile munasemaka na papa yenu kule nyumbani."

Mungu wangu. Hata waliokuwa wameinua vichwa wakainama.

Maana kwetu msichana aliyelelewa vizuri anasema nini na baba yake? Anamletea maji ya kunawa, anapiga goti, anaitika "Ndiyo, Papa", anaondoka. Hamtazami machoni. Habishani naye mbele ya wageni. Mzee wa watu alikuwa amewaomba wawe kama nyumbani, nao wakawa kama nyumbani, kwa ukamilifu.

Prefe akakohoa, kikohozi cha mazishini. Nikamsikia Inspekta akimnong'oneza: "Hawa watoto hawajue kitu?"

Hasira ikanipanda.

Hawajui kitu? Somo zima lilikuwa limekaa pale mbele yake kwenye madawati, limekunja mikono, yeye analiona ujinga! Nilitaka kumwambia hivyo hivyo, lakini na mimi nililelewa. Nikameza mate. Na ni katika kumeza mate ndipo wazo likaja. Wazo lenyewe lilinitia hofu. Huyu ni mtu wa serikali, na mjini hapa watu wameshalala katika biro ya usalama kwa kicheko kilichotoka mahali pasipofaa.

Nikachukua kitambaa, nikaifuta familia ya kitabuni, mbwa na moto wake.

"Feza," nikasema, na mimi Kifaransa nikakiacha, "huyu muzee angekuwa kwenu Niemba, na hizi mvi zake, mungemuita nani?"

Akafikiri kidogo. "Kambo, Mama Mwalimu."

"Na kambo munamusalimiaka namna gani?"

Asiyejua mambo ya kwetu hawezi kuelewa jinsi darasa lilivyoshtuka. Baba anaogopwa, lakini kambo, yaani babu, anataniwa. Ni haki ya mjukuu na ni haki ya mzee pia. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amlaze pema, aliniita mke mwenzake mpaka siku ya kufa kwake. Kila jioni alinishtaki kwa majirani kwamba nimemwibia samaki, nami nilimjibu kwamba samaki mwenyewe alikimbia alipoona sura yake. Kwa jibu hilo nilipewa karanga. Ningelisema kwa baba yangu ningelala na njaa.

Feza alinitazama kuona kama akili zangu ziko sawa. Nikamkubalia kwa kichwa. Akasimama, akaweka mkono kiunoni.

"Kambo, karibu. Lakini kambo gani anakuja kuona bajukuu mikono mitupu? Hata pipi moja? Ao ulizikula zote mu treni, njo maana meno imekwisha?"

Prefe alibaki mdomo wazi. Mimi nilishaanza kujiuliza kama Nyunzu wana nyumba za walimu.

Inspekta akavua miwani. Akamtazama Feza. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika, kwanza kidogo, kisha mzee mzima anatikisika mpaka vifungo vya abakosti.

"Wewe mutoto wewe! Hii meno unaona, ingali inaweza kumaliza bukari yako na ndakala yako yote! Sufuria tutakurudishia ulambe!"

Kummalizia mjukuu ugali na dagaa wake! Darasa likalipuka. Walicheka, walipiga madawati, na kutoka katikati ya kelele nikamsikia Mwamini: "Kambo utakula ndakala ya nani? Wewe mwenye usingizi tangu uingie!" Mzee akamnyoshea kidole, akamwita mwizi wa mboga, akadai kwamba anamfahamu tangu zamani. Hakuwahi kumwona maishani mwake. Na yeye alilelewa na watu, akawa mjukuu kabla ya kuwa Inspekta. Alipoitwa kambo alijua mahali pake na maneno yake, bila kutafuta.

Nikalikamata darasa hapo hapo, likiwa la moto.

"Nani aliwafundisha kwamba kambo anataniwa na papa anaogopwa? Ni shuleni?"

"Hapana!"

"Ni nani basi?"

"Hakuna muntu, Mama Mwalimu," akasema mmoja. "Tulikuta tu vile."

"Uongo!" Feza akaruka. "Mimi nilimutania papa, nikapigwa. Nikamutania kambo, watu wakacheka, nikapewa ndizi. Njo nilijua."

Nimesoma vitabu vinene Lubumbashi juu ya jambo hili, vyenye sentensi ndefu kama reli ya kwenda Kabalo. Sijakuta maelezo mazuri kuliko hayo. Niliyaandika ubaoni kama alivyosema, na chini yake nikaandika neno la kitabuni la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo, na wasichana wakalinakili kwa furaha kana kwamba ni jina la mtu wanayemfahamu.

Baada ya hapo sikuwa na kazi kubwa. Mikono ilikuwa juu kila upande. Mmoja akasema kwao watoto ni wa mjomba, si wa baba, ndiyo maana mahari haikubaliwi mpaka mjomba afike. Mwenzake wa Manono akapinga kwamba kwao mtoto ni wa baba na mjomba anakula kuku wake tu anaenda. Wakagombana, nikawaacha wagombane, kisha nikawauliza ni nani kati yao ana familia ya kweli. Wakatulia, wakatazamana, na nikaona katika nyuso zao kwamba wameelewa.

Inspekta alikuwa ameshakaa juu ya dawati la mbele, vifungo viwili vimefunguliwa. Akataka kuwajaribu mwenyewe.

"Haya. Mutoto anazaliwa hapa Kalemie. Wazungu wanamubeba akingali anyonya, wanamulea kwabo. Siku anarudi, atainamisha macho mbele ya papa yake?"

Mwamini akasimama. "Atamuangalia mu macho, Kambo. Na haitakuwa matusi. Kule kwabo, kuangalia muntu mu macho njo heshima."

"Na damu yake ya Kalemie, je?"

"Damu haifundishe salamu, Kambo."

Mzee akashuka dawatini. Kisha akapiga makofi, peke yake, polepole, na Prefe alipoona hivyo akapiga na yeye. Mlangoni Inspekta alimwambia, akimwita raia kama serikali inavyotaka, na wote tulisikia: "Sitwayen Prefe, huyu mwalimu usimuguse."

Ningeweza kuishia hapa. Lakini kilichoninyima usingizi wiki nzima, ninaamini, hakikuwa Inspekta.

Treni ilipoondoka na mzee wake, Prefe aliniita ofisini. Akanisifu. Akasema nimeletea shule jina. Halafu akasema, kwa amani ya nyumba, nimwachie mpwa wake nusu ya masomo ya darasa la tano, naye atanipa saa za kushona na upishi badala yake. "Sisi wote ni familia moja, mutoto yangu," akasema.

Nikajikuta natazama sakafu.

Hakuna aliyeniambia niitazame. Mikono ilikuwa imejikunja yenyewe mbele, shingo imeinama, na "Ndiyo, Papa" ilikuwa tayari mdomoni. Nimefundisha malezi tangu mwezi uliopita, kwa ufafanuzi na mifano, na sikuwa najua kwamba yamekaa kwenye shingo yangu namna hiyo. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikataka kucheka. Prefe si kambo wangu, kwa hiyo njia ya utani haikuwepo. Ilibaki njia moja tu.

Nikainua uso. Ilikuwa kazi, nakiri, kama kuinua ndoo ya maji kutoka chini. Nikamtazama machoni, nikasema bila kupandisha sauti:

"Hapana, Papa Prefe. Darasa la tano ni yangu. Masomo yote."

Alinitazama. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe ili nisiteremshe macho. Mwishowe ni yeye aliyegeukia dirishani, akasema mvua inaweza kurudi, akasema vizuri, niende.

Nikaenda. Sikukimbia, ingawa miguu ilitaka, na tope la njiani sikuliona.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama yote, kuanzia pipi za kambo hadi neno la mwisho. Nilipofika mahali pa "hapana" aliacha kuchambua sombe, majani ya muhogo ya jioni.

"Ulimuambia Prefe hapana? Unamuangalia mu macho?"

"Ndiyo, Mama."

Akasogeza ungo kando. Nikaogopa, kuliko nilivyoogopa shuleni. Huyu ndiye aliyenifundisha kuinama. Kiganja chake ndicho kilichokuwa kinanishika kisogo nilipokuwa mdogo, wageni wakiingia. Nikadhani nimemwaibisha.

Akasimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda mlangoni, akapiga vigelegele. Virefu, vya arusi kabisa. Majirani wakatoka. Mmoja akauliza kwa sauti kutoka upande wa pili wa njia: "Mama, kuna nini kwako? Nani amezaa?"

"Hakuna," Mama akajibu. "Huyu nilimuzaa zamani. Ni leo njo nimemuona."

Nimelia, nimecheka, nimekula bukari mbili. Kesho ni salongo, nitashika jembe kuzibua mfereji pamoja na mtaa mzima.

Na Jumatatu, saa ya kwanza, ninaingia darasani kwangu.