Kiini Walichokiona Thelathini na Tisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na bado unabishana na daktari wako kama kawaida. Mimi mwili mzima, ila kichwa kinanizunguka, na wewe umefundisha baiolojia miaka mingi, utanielewa.

Nilikwambia nimechoka kuwaandikisha wanachuo notisi, wanakariri wee, mtihani ukipita wamesahau. Basi Jumatatu nikabadilisha. Kila mmoja nilimpa hadubini na kioo chenye ngozi ya kitunguu, nikasema wachore wanachokiona, kitabu marufuku. Walichora, baba! Kuta za seli, kiini, kila kitu. Nusura niruke kwa furaha. Binti mmoja tu, wenzake wanamwita Bi Kimya, alirudisha karatasi tupu, kaandika chini kwamba haoni kitu. Nikampa sifuri. Alama zake zilikuwa tayari ukingoni mwa kufeli, na sifuri hiyo inamtoa kwenye kozi Ijumaa.

Jana fundi wa maabara alikuja kuniomba radhi huku anajikuna kichwa. Eti vioo vya kitunguu viko kabatini mpaka leo, siku ile aliniletea trei ya vioo vilivyooshwa. Nikamwambia aache utani. Nikaenda kuvitazama vile vya Jumatatu kimoja kimoja, vitupu vyote.

Yaani watu thelathini na tisa wamechora kitu ambacho hakikuwepo! Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mkuu wa idara anasema niyaache yalivyo, michoro ni mizuri na wakaguzi wataipenda.

Lakini kuna jingine, baba, na sijamwambia mtu. Siku ile binti alinyoosha mkono, akaniomba nichungulie kwenye hadubini yake. Nilichungulia. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kiini hicho hapo, afungue macho, aache uvivu. Wala sikuwa nadanganya. Nilikiona. Hata sasa naweza kukuonyesha kilikuwa upande gani.

Kesho ndiyo Ijumaa. Nitaifuta sifuri na kulieleza darasa zima, mkuu akasirike asikasirike. Wakinicheka, na wacheke. Ninachoogopa ni yule binti kuniuliza nilikuwa ninaona nini, kwa sababu sijui.

Nisalimie mama na wadogo zangu wote. Uwe na afya njema, na uniandikie upesi.

Binti yako wa pili,
Mwalimu