Nitrati Katika Kisima cha Mama Mkubwa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Jana Madale, kwa mama mkubwa Mwajabu. Kisima chake alikichimba marehemu mumewe kiwe sadaka. Nusu ya mtaa wanachota. Jirani yake Raudha alikuja na ndoo, kichanga kifuani. Miezi miwili, anakunywa maziwa ya kopo, ya unga, yanayokorogwa kwa maji ya kisima hicho. Midomo ya mtoto imepiga bluu. Raudha anasema ni baridi tu ya huku juu. Sikuipenda ile rangi. Nikamwambia ampeleke zahanati, akasema akipata nafasi. Nikaomba chupa ya maji ya kisima, nikadanganya eti ni ya kunywa njiani.

Jumanne, 4 Juni
Maabara, Ubungo. Sampuli za wateja hadi saa kumi, kisha ya kwangu. Nikatia dawa, maji yakawa ya pinki. Nitrati, chumvi ya mbolea na kinyesi isiyoonekana majini, ikizidi, rangi inakolea, na mwanga unaopita kwenye kichupa unamezwa zaidi. Mashine inasoma kiasi kilichomezwa. Nilishachora mstari kwa miyeyusho mitano ninayojua nguvu zake. Ya Madale ikapita juu kabisa, nje ya mstari.
Bosi wangu Albano akaja kutazama. Namba ya nje ya mstari usiiamini, kasema. Ichanganye na maji safi, upime tena. Umeme ukakatika.

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi nimechanganya moja kwa kumi. Imekaa katikati ya mstari. Nikazidisha kumi: miligramu 118 kwa lita. Kikomo cha maji ya kunywa ni 50. Nimerudia mara tatu — mie napimaga maji ya watu kila siku, leo nilitamani nimekosea.
Albano kaniruhusu niondoke. Nikamkuta mama mkubwa anafagia.
“Shikamoo. Mama, maji haya mtoto wa Raudha asipewe.”
“Marahaba. Si wanachemsha?”
Nikamweleza: nitrati inaizuia damu ya kichanga kubeba oksijeni, ndiyo ile bluu ya midomo; ukichemsha maji yanapungua, nitrati inabaki. Huenda inatoka kwenye mashimo ya vyoo. Hakubisha. Akafunga bomba la kisima kwa kufuli, akachukua mtandio, tukaenda kwa Raudha.
Sasa tuko benchi la zahanati. Daktari kasoma karatasi yangu ya majibu ya maabara, kamwekea mtoto oksijeni, anatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Raudha yuko ndani naye.
Mama mkubwa kaniuliza kisima kimekuwa hivi tangu lini. Nikasema sijui, jana ndiyo mara ya kwanza kupimwa.
 Sasa anawataja watoto wa mtaa waliolelewa kwa maji yale, mmoja mmoja, kwa majina ya mama zao.