Sponji Laini kwa Gari la Baba Mkwe

Jumamosi

Mikono bado inatetemeka kwa ile mashine ya polishi, na nacheka peke yangu.

Muuza vifaa wa Mlabani alinisisitizia sponji ya manyoya. "Hii inaondoa mikwaruzo fasta, dada." Lakini gari ni jeusi, ni la baba mkwe, na mimi ndiyo kwanza najifunza. Manyoya yakiunguza rangi, kijijini kwao, Mbingu, nitaenda na uso gani? Nikachukua sponji laini, nikaifunga kwenye mashine.

Nilianza na kipande kidogo karibu na taa ya mbele. Nusu saa nzima, hakuna kitu. Niliogopa kweli. Nikaongeza polishi kidogo, nikapunguza mwendo wa mashine, nikarudia. Mara weusi ukatokea, weusi wa kweli, kama gari limelowa maji! Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka.

Kufika saa kumi boneti lote lilikuwa linang'aa. Baba mkwe akaja. "Shikamoo, baba." Hata marahaba alisahau. Aliinamia boneti, akajitazama weee, akashika ndevu.

"Kumbe nimeota mvi hivi," akasema, "na nyumba nzima mmenyamaza!"