Karatasi Nane za Nyangeta

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Inatangazwa kwa heshima zote kwamba stoo ya shule imepata kufuli jipya. La shaba, funguo mbili. Mwalimu Mkuu amenikabidhi mimi mtunza stoo mbele ya paredi ya asubuhi, watoto wakapiga makofi. Wale wa darasa la wasioona wakauliza tunapigia makofi nini. Wakaambiwa kufuli. Wakapiga tena.

Ndani ya stoo kuna majembe, ngoma ya bendi iliyopasuka, unga wa bweni, mashine moja ya nundu inayofanya kazi na mbili zisizofanya. Mwizi akiingia atatoka analia.

Maduka ya mtaa wa Iringo yamejaa siku hizi. Sabuni ipo, mitumba ipo, makufuli yapo. Karatasi nzito hazipo.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku ya pasi.

Wasioona wanaandika kwa nundu. Mashine inatoboa karatasi nzito, vinatokea vipele, wanavisoma kwa vidole. Karatasi nzito zilifika mara ya mwisho mwaka juzi. Kwa hiyo kila Ijumaa nachukua zilizoandikwa, nanyunyiza maji, napiga pasi ya mkaa. Nundu zinalala. Jumatatu wanaandikia tena.

Kupiga pasi alinifundisha Mwalimu Rhobi, mwalimu wao. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa macho, nimesimama na pasi mkononi. Elimu yangu darasa la nne. Hakuna aliyeniomba nijue.

Naisomaga kila karatasi kabla ya kuiua. Leo nimesoma insha ya Nyangeta wa darasa la saba. Ameandika jinsi ziwa linavyosikika mvua ikiwa bado iko mbali. Nilikaa ziwani miaka thelathini na macho mawili, sikuwahi kusikia hivyo. Nikaipiga pasi. Iliniuma.

Mwalimu Rhobi hayupo. Tangu Julai amehamishiwa Butiama, shule ya kawaida, akafundishe hesabu. Mkuu alisema wenye macho nao wanahitaji mwalimu. Wasioona kumi na mmoja sasa wanafundishwa na redio ya Mkuu, betri zikiwepo.

Jumapili, 7 Septemba

Baba yake Nyangeta amekuja toka Majita na samaki, ningu wakavu. Mtu wa maneno machache, yote mazito.

"Akifaulu, kuna sekondari inapokea watu wa aina yake, aende. Akifeli, nyumbani. Nimechokaga kuambiwa mwanangu anasoma."

Nyangeta akacheka. "Baba, wewe ngoja tu. Utakuja kunitembelea umevaa viatu."

Nyumbani maana yake kuchambua dagaa mlangoni mpaka azeeke. Nawajua wawili wa hivyo kule kwetu. Mmoja hakumbuki jina lake la shule.

Jumatano, 10 Septemba

Mtihani wa darasa la saba. Asiyeona ni yeye peke yake. Nilimpa karatasi nane, nilizonyoosha vizuri kuliko zote. Msimamizi anamsomea maswali kwa sauti, yeye anatwanga mashine. Mlio wake unafika hadi stoo. Hakusimama kufikiri hata mara moja, au mimi ndiye nilitaka iwe hivyo.

Alhamisi, 11 Septemba

Umekwisha. Sasa hakuna wa kusoma alichoandika. Utaratibu ni mwalimu mwenye utaalamu anakili majibu kwa maandishi ya kawaida, ndipo yaende ofisini. Nikasema mimi nazisoma.

"Una cheti?" Mkuu akauliza.

"Sina."

"Basi huwezi kuzisoma."

Nikamshukuru kwa taarifa. Mwalimu Rhobi ameitwa, atafika Jumatatu. Mpaka hapo karatasi zikae mahali salama kuliko pote. Yaani stoo. Kwa ajili ya kufuli. Bahasha ya ukubwa ule haipo, Mkuu amezifunga kwa kamba ya katani, akaziweka juu ya shelfu kwa mkono wake.

Alipoondoka nikachungulia ya kwanza. Sahihi yote, kwa kadiri ya mtu wa darasa la nne.

Ijumaa, 12 Septemba

Malaria. Niko nyumbani Kamunyonge, natetemeka. Ufunguo nimempa Mama Wankuru, mpishi wa bweni, atoe unga. Mkono hauandiki.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Wankuru kaja na uji. Uso unang'aa.

"Shemeji, lala upone. Kazi yako ya jana nimeimaliza. Nimepiga pasi zote! Hata zile ulizofunga kamba kule juu. Hizo zilikuwa na vipele vibishi, nimerudia mara tatu."

Homa ilinitoka palepale. Nilikimbia hadi shuleni na kikoi.

Nyeupe. Nane, zote nyeupe. Kazi nzuri, mimi mwenyewe sijawahi kunyoosha hivyo.

Ufunguo niliutoa mimi. Sikusema neno juu ya kamba.

Jumatatu, 15 Septemba

Mwalimu Rhobi amefika juu ya lori la pamba, nywele zimejaa nyuzi. Akapitisha vidole juu ya zile karatasi. Akazipeleka dirishani, akazilaza kwenye mwanga. Akapata namba ya swali hapa, nusu ya neno pale. Akakaa chini.

Nyangeta akaitwa. Akazipapasa moja moja.

"Hizi mpya. Mmezipata wapi?"

Mwalimu Rhobi akamshika bega. Ndipo akaelewa.

Akasema anakumbuka, atayataja majibu yote, mtu aandike. Mwalimu Rhobi alishachukua kalamu. Mkuu akasema mtihani ulikwisha Alhamisi. Nikasema nilisoma ukurasa wa kwanza.

"Ulifungua mtihani wa serikali?"

Nikanyamaza. Nina watoto watano na kazi moja. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: niliogopa.

Mwalimu Rhobi akaomba arudie mwaka. Mkuu akasema kitanda cha bweni kina mtu Januari. Kwenye fomu ameandika: Hakufanya. Maneno mengine yangehitaji maelezo.

Mama Wankuru amelia mchana kutwa. Maharage yalikuwa na mawe, hakuna aliyelalamika.

Jumatano, 24 Septemba

Baba yake kaja kumchukua. Kaambiwa mtihani ulipata matatizo. Hakuuliza matatizo gani. Alikuwa amevaa viatu.

Nyangeta alisimama mlangoni pa stoo, ananijua kwa harufu ya mkaa.

"Mzee Stoo. Ni kweli ulisoma ile ya kwanza?"

"Nilisoma."

"Ilikuwaje?"

"Hukukosa hata moja."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepokea chenji. "Basi tunajua wawili."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia achunge kizingiti. Anakijua kizingiti kile kuliko mimi, miaka saba.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua ndogo. Mkaa umeloa, pasi ilichelewa kushika moto. Siku hizi sisomi kwanza.

Kufuli ni zima. Zile karatasi nane wasioona wa darasa la tatu wameandikia hesabu za kuzidisha. Leo nimezinyoosha tena.