Rinda Lililopimwa Juu ya Sweta Mbili

Ijumaa, mwisho wa Julai, 1996

Ukungu haujainuka hapa Kinoru tangu asubuhi. Ni ile baridi inayoingia mpaka kwenye daftari, kurasa zinalowa na wino unatambaa. Vidole vyangu vimedungwa na sindano hadi kushika kalamu ni kazi. Lakini leo lazima niandike.

Leo nilimwambia mwalimu hapana.

Mimi. Mimi ambaye nikiitwa kusoma kwa sauti darasani, sauti inarudi tumboni.

Ngoja nianze vizuri. Wiki tatu zilizopita Madam wa Home Science alituambia sisi wa kidato cha pili kila mtu ashone rinda la mtoto, la kawaida tu, lisilo na mikono, kwa sindano ya mkono. Leo tulete rinda pamoja na mtoto wa kulivaa. Na kila mtu anajua hiyo kazi hufanywa vipi. Unanunua kitambaa, unampelekea fundi Makutano, unaenda kulichukua limeshapigwa pasi.

"Unajisumbua nini?" Karimi, tunayekaa naye dawati moja, aliniuliza. "Fundi ana cherehani. Wewe una nini?"

Nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Hata mimi nilienda kwa fundi. Nilisimama kwenye veranda yake na kitambaa changu cha maua ya manjano ndani ya mfuko. Akaniuliza mtoto ni wa nani. Nikasema ni wa dada.

"Dada yupi? Si yule Kawira aliwacha shule na tumbo?" Akawageukia wenzake kwenye benchi. "Basi baba ya mtoto naye aje nimpime suruali. Ama bado mnamtafuta?"

Wakacheka wote. Nikarudi nyumbani na kitambaa changu.

Kwa hivyo nisijisifu eti napenda kushona. Ni hasira ilinifundisha.

Kanana ana miaka miwili. Dada yangu alimzaa baada ya kutoka shule hii hii ninayosoma. Wageni wakija, Mama huwaambia ni mtoto wa shangazi wa Mitunguu, ameletwa akae kidogo. Jumapili tukienda kanisani, Kawira hubaki naye. Hakuna aliyewahi kuwakataza. Ni vile tu Mama akiuliza kama sote tuko tayari, hao wawili hawamo kwenye hiyo sote.

Sasa, kushona. Nilikata kielelezo cha gazeti kama tulivyofundishwa. Nikampima Kanana kwa kamba, naye anacheka na kujinyonganyonga kila kamba ikimgusa kwapani. Nikakata. Nikapiga bandi, ule mshono wa kushikiza tu. Siku ya kwanza nilishona kwa bidii mpaka shingo ikaniuma, na niliposimama, rinda likasimama na mimi. Nilikuwa nimelishonea kwenye sketi yangu ya shule! Nikafumua. Mshono wa bega nao nikautoa nje badala ya ndani. Nikafumua tena.

Jumapili iliyopita, Kawira alipomaliza kumwogesha, tukamjaribishia. Rinda lilipita mabegani, likapita kiunoni, likaanguka chini, Kanana akabaki amesimama katikati yake kama kifaranga ndani ya karai.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile ya kumpima alikuwa amevaa sweta mbili. Julai hii nani hajavaa sweta mbili? Hata sikuziona.

Kawira alicheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu atoke shule. Mimi nililia. Kitambaa kilikuwa kimeisha, vimebaki vipande vya upana wa kiganja.

"Mvalishe sweta zake kwanza," Kawira akasema huku akijipangusa macho. "Halafu hilo rinda lije juu."

Lilimkaa sawasawa.

Leo asubuhi Mama alinikuta nikimfunga Kanana mgongoni.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Shule."

"Na ukiulizwa?"

Nilikaza fundo la leso kifuani. Nilitoka hivyo hivyo.

Tulipangwa kwenye nyasi mbele ya madarasa. Marinda ya fundi yalikuwa mazuri, siwezi kudanganya. Lakini yalikuwa mepesi, yamekatwa ya kubana, na baridi ilikuwa ya kuuma. Watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine, wakavikwa sweta na koti juu. Wa Karimi alifunikwa na bleza ya Karimi mpaka miguuni. Maua ya manjano ya Kanana ndiyo peke yake yaliyoonekana kwenye ukungu ule wote.

Madam alifika kwetu. "Huyu ni mtoto wa nani?"

Wasichana wote walikuwa wanajua. Walisogea karibu kusikia nitadanganya vipi.

"Ni Kanana," nikasema. "Ni mtoto wa dada yangu Kawira. Alisoma hapa."

Nyuma yangu mtu akacheka kwa pua. Sikugeuka.

Madam akainama, akageuza pindo, akatazama mshono wangu unaopanda na kushuka. "Hii umeshona wewe mwenyewe," akasema. Hakuwa anauliza. Akaandika kumi na moja kwa ishirini. Karimi alipata kumi na saba. "Pindo limepinda. Fumua, ulete Jumatatu, nikuongezee maksi."

"Hapana, Madam."

"Unasemaje?"

"Jumapili anaenda nalo kanisani, hivi hivi lilivyo."

Mpaka niliposikia maneno hayo yakitoka, sikujua kwamba nimeamua.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameshasikia. Sijui nani alimwambia. Alikuwa ameketi jikoni akimenya ndizi. Nilibaki mlangoni, Kanana bado mgongoni, nikayasema yote mara moja kabla woga haujanishika.

"Jumapili Kanana anaenda na sisi, Mama. Na Kawira. Wakibaki, hata mimi nabaki. Na nikiulizwa huyu ni nani, nitasema vile nimesema leo."

Hakuinua kichwa. Akamenya ile ndizi mpaka mwisho, akaitia kwenye maji. Akachukua nyingine. Kawira alikuwa nje kwenye kamba ya nguo, ameshika shati lililolowa, haaniki.

"Na kichwani atavaa nini?" Mama akasema. "Kanisa lile lina baridi."

Sina kofia ya mtoto. Nina vile vipande vya upana wa kiganja, uzi kidogo, na Jumamosi nzima.