Tepu ya Mita Tano na Paa la Mama

Jumamosi, Makambako. Upepo mkali, jua lisilopasha kitu, mdomo wangu bado umevimba.

Wananchi wote mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba leo, mbele ya mashahidi wawili na mbuzi mmoja, mimi, fundi baiskeli na mjenzi wa kujiteua, nimenunua tepu mpya ya kupimia. Mita tano, rangi ya njano. Bendera hazitapandishwa.

Dukani nilijifanya mjuzi. Tepu nyembamba nazijua, zile zinazokunjika ukizivuta kidogo tu, basi hii nikatoka nayo nje nipime ugumu wake. Nikaivuta hewani kama mtu anayetungua parachichi. Ikasimama imara, nami nikatabasamu. Ndipo upepo wa huku ukaikamata, ikapinda, nikashtuka, nikaachia kitufe. Utepe wa chuma ukarudi kwa hasira, ukanichapa sikio na kunichana kidole gumba. Damu ikadondokea mfuko wa saruji.

"Baba, unanunua tepu au unaua nyoka?" mama mwenye duka akauliza.

"Napima breki zake," nikajibu huku nanyonya kidole.

"Breki inazo. Dereva sasa!"

Ninyi mnaotaka kununua, nisikilizeni ingawa natoka damu. Chukua yenye utepe mpana na mgumu. Namba zisomeke hata ukungu wa Njombe ukiwa umekaa kwenye miwani. Kitufe cha kufungia kishike kweli. Na ile ndoano ya mbele ikicheza kidogo usidhani ni mbovu. Imeachwa icheze makusudi, ili kipimo kiwe kilekile ukiivuta kwenye ncha ya ubao au ukiisukuma ukutani. Ya kwanza mimi niliigonga kwa nyundo nikidhani naitengeneza. Ikakatika, na sentimita kumi za mwanzo zikaenda nayo.

Hizo kumi ndizo zilizotufikisha hapa.

Jumatano tulikuwa Kichiwa, mimi na mdogo wangu Daudi, tunamwezekea mama nyumba kabla ya mvua. Tangu tubomoe paa la zamani mama analala jikoni, na baridi ya kule mnaijua. Mimi nilikuwa juu ya ukuta na tepu yangu iliyokatika. Daudi alikuwa chini na msumeno, na tepu yake nzima. Yangu inaanzia kumi, kwa hiyo kila nikipima natoa kumi ndipo namtajia. Daudi, ambaye hesabu zangu anazijua tangu utotoni, hakuniamini. Akatoa kumi nyingine, kimyakimya.

Tukapandisha mbao za kenchi, zile zinazobeba paa. Upande huu zimekaa vizuri. Upande ule zinaning'inia, ukuta hazijaufikia. Zote.

"Kaka, umenipa namba gani hizi?"

"Namba sahihi! Nimeshatoa kumi!"

"Umetoa? Mbona na mimi nimetoa?"

"Nani alikutuma?"

"Tangu lini wewe ukakumbuka kutoa?"

Watu wengine hapo wangecheka.

Mimi nilishuka ngazi nikamkaba shingo. Akanipiga ngumi ya mdomo, nikaona giza. Tukabingirika kwenye unga wa mbao, tunapigana viwiko, tunakabana, msumeno uko hatua moja tu kutoka vichwani mwetu. Mimi, mzee wa kanisa mwenye mvi, nimemng'ata mdogo wangu bega mpaka shati likalowa damu.

"Acheni!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Wanangu, mtauana! Acheni!"

Jioni ile mama alikuwa hospitali, mkono umevunjika, umefungwa plasta ngumu. Alimwambia daktari kwamba alijikwaa kwenye mbao. Daktari akanitazama. Nikasema ndiyo, alijikwaa.

Ukoo haukukubali. Hasira za Daudi zinajulikana, na majirani wameshasema walichokiona. Dada yetu aliyeolewa Lugarawa amempigia simu kumwambia asikanyage kwake tena. Shemeji, mke wa Daudi, amechukua watoto, amerudi kwao. Jana wajomba wamekaa kikao, na mimi nilikuwepo, nimekaa upande wa wajomba, natikisa kichwa kwa masikitiko.

Daudi hajajitetea hata kwa neno moja.

Sasa nisemeje? Niseme kama ilivyokuwa.

Mama alipopiga kelele, Daudi aliniachia. Alisimama, akajifuta damu, akasema, "Yaishe, kaka. Nitakata nyingine." Akanipa mgongo, akainama kuokota msumeno wake. Mimi nikaokota kipande cha ubao wa mbili kwa nne, nikakiinua kwa mikono miwili na kulenga mgongo ule. Sikuwa natishia. Nilitaka kumvunja.

Mama aliniona, Daudi hakuniona. Mama akaingia kati na kunyoosha mkono, nami sikuweza kujizuia tena, au sikutaka. Nilisikia mfupa.

Daudi akageuka, akamkuta mama chini. Akaninyang'anya ule ubao, na majirani wakaingia uani wakati huohuo, wakamkuta ameushika.

Aliyempiga mama ni mimi. Nimeandika hapa kwenye ukurasa wangu kwa sababu dada anasoma, wajomba wanasomewa, na shemeji ndiye huwa wa kwanza kucheka.